Wako Mtiifu, Kwa Lipi?

Vijana wenzangu mnaoandika, leo tugombane kidogo juu ya maneno mawili. Yako chini ya barua zetu, kabla ya sahihi: Wako mtiifu. Mtu anaomba kazi ya ukarani, wako mtiifu. Anapeleka hadithi fupi kwa mhariri asiyemjua hata sura, wako mtiifu. Mtiifu kwa lipi? Kwani umeamriwa nini?

Shuleni tulifundishwa kwamba ndiyo adabu ya barua rasmi. Adabu ya nani, hatukuambiwa. Mimi naona ni tafsiri tu. Waingereza walikuwa wakifunga barua zao za kiofisi kwa "your obedient servant", mtumishi wako mtiifu, na wakoloni walikuja na makaratasi yao.

Hebu tulichungulie hilo obedient. Limetoka Kilatini, oboedire, na ndani yake kuna audire, yaani kusikia. Mswahili hapo hashangai. Naye akisema "mtoto huyu hasikii", hana maana ya kumpeleka kwa daktari wa masikio. Na utii wetu? Huo asili yake Kiarabu, na mzizi wake umebeba pia maana ya hiari, kutenda kwa kuridhia. Basi kusikia huku, kuridhia kule. Woga umeingilia wapi, jamani?

Tena wenye Kiingereza chao hawakuyatilia maanani. Mwaka 1804 huko Marekani, Aaron Burr, Makamu wa Rais, na Alexander Hamilton, aliyepata kuwa Waziri wa Fedha, waliandikiana barua za ugomvi, na chini kila mmoja anajiita mtumishi mtiifu wa mwenzake! Julai 11 wakakutana Weehawken, New Jersey, kwa bastola. Hamilton akapigwa risasi, kesho yake akafa. Kwao yale maneno yalikuwa nakshi ya karatasi. Sisi tumeichukua nakshi tukaifanya tabia.

TANU ilipotoa Mwongozo mwaka 1971, viongozi walikatazwa majivuno na dharau. Sawa kabisa. Ila sisi wa chini hakuna aliyetukataza kujikomba, tukaendelea nako.

Na kwa mwandishi kujikomba hakuishii kwenye barua, kunaingia mpaka kwenye hadithi. Mhariri mmoja, jina nalihifadhi, aliniambia nimtoe mheshimiwa mla rushwa katika hadithi yangu nimweke mwizi wa kuku. "Mwizi wa kuku hana wakili," akasema, anacheka. Nikachukua makaratasi yangu. Mshikaji wangu mmoja aliambiwa maneno hayo hayo, akaitikia ndiyo mzee. Hadithi yake ikatoka, na ya pili, na ya tatu. Siku hizi kila ukimsoma ni kuku wameibiwa.

Msiniambie eti ni heshima. Mhariri akinizidi umri nampa shikamoo yake, tena kwa moyo mweupe. Akinionyesha sentensi mbovu naikata, maana nimemsikia na nimeridhika. Lakini mheshimiwa wangu simtoi. Yumo kwenye bahasha mpaka leo, kurasa 11, na chini ya barua kuna jina langu na anwani basi. Mwenye kumjua mhariri asiyeogopa mawakili anielekeze.