Eti nenosiri liko ndani ya video

Jamani, leo naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo msitarajie upole. Nataka kuzungumza kuhusu hawa ndugu zetu waunda maudhui ya gemu, wale wanaotangaza kwa Kiswahili kwenye YouTube na TikTok, na namna wanavyowatendea mashabiki wao. Hoja yangu ni fupi: shabiki wa gemu aliyeko Lodwar au Kakuma hulipa zaidi kuliko shabiki mwingine yeyote ili kumtazama mtu wake, na ndiye anayeheshimiwa kidogo kuliko wote. Na wanaomfanyia hivyo wanajua wanachofanya.

Kwa wasiojua mambo ya huku: vijana wengi Turkana hawana PlayStation wala kompyuta ya gemu. Wana simu ya Android yenye nafasi ndogo, na wanachocheza ni Free Fire, Dream League Soccer, eFootball, au PES ya PSP inayoendeshwa kwa PPSSPP. Hii PPSSPP ni kazi nzuri sana, nawaambia kama mtu anayekula kwa kuandika programu. Henrik Rydgård aliitoa mwaka 2012, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na inaifanya simu iigize mashine ya PSP. Konami yenyewe iliacha kutoa PES za PSP baada ya PES 2014. Kwa hiyo ukimsikia mtu anapiga kelele kwamba ana "PES 2026 ya PPSSPP, picha kama PS5", ujue ni gemu ya zamani iliyovishwa jezi mpya na majina mapya ya wachezaji. Kuivisha si ubaya (suala la hakimiliki tuliache, ni mjadala wa siku nyingine). Kuna watu wanakesha wakichora nyuso na jezi, na wengi hawalipwi chochote. Ninayegombana naye ni yule anayechukua kazi yao na kuifanya mtego.

Mtego wenyewe uko hivi. Video ina dakika kumi na moja. Chini yake kuna kiungo. Kiungo hakikupeleki kwenye faili, kinakupeleka kwenye ukurasa uliojaa matangazo, unasubiri sekunde 15, unabonyeza "endelea", unarushwa kwenye tangazo la kitu kingine kabisa, unarudi, unasubiri tena. Hatimaye unalipata faili, GB 1. Ukimaliza kulipakua unakuta limefungwa na linadai nenosiri. Liko wapi? "Nenosiri liko ndani ya video, tazama mpaka mwisho!" Nimeona moja ambapo lilionekana kwa sekunde mbili tu, herufi ndogo za kijivu, kwenye kona, katikati ya video.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. GB 1 ni takriban megabiti 8,000. Kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, ambao jioni nyingi huku ni bahati, faili hilo litachukua sekunde 4,000, yaani dakika 66 na sekunde 40. Na bando ambalo kijana analimudu ni lile la GB 1 la saa moja, la shilingi kama 20. Umeona? Bando linakufa kabla faili halijafika. Hata mtandao ungekuwa wa kasi, video ya kutafutia nenosiri nayo inakula. Dakika 11 kwa megabiti 1 kwa sekunde ni zaidi ya MB 80, zinazotoka kwenye GB hiyo hiyo moja. Faili haliwezi kutoshea. Atanunua bando la pili, na kama upakuaji ulikatika na ukurasa ule hauruhusu kuendelea ulipoishia (nyingi haziruhusu), anaanza upya kutoka sifuri.

Kwa nini dakika kumi na moja na si mbili? Hakuna siri hapo. Tangu Julai 2020 YouTube inaruhusu matangazo ya katikati kwenye video zinazofika dakika 8, na kabla ya hapo kiwango kilikuwa dakika 10. Mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo hayo. Basi maelezo ya dakika mbili yanavutwa kama ugali wa moto: salamu, "kabla hatujaanza", omba wafuasi, omba kengele, hadithi ya jana, tena omba wafuasi. Kila dakika ya porojo inamwingizia yeye senti chache na inamtoa shabiki bando. Mmoja anapata kidogo kwa kumfanya mwingine apoteze zaidi. Huo nauita ushuru.

Na kuna jambo lingine ambalo wengi hawalioni. Ili chaneli ianze kulipwa matangazo ya video hizi ndefu, YouTube tangu 2018 inadai wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. (Njia nyingine ni ya video fupi, nayo ina milima yake.) Saa iliyotazamwa Kakuma inahesabiwa sawasawa na saa iliyotazamwa Los Angeles. Kwa hiyo wakati wa kupanda ngazi, kijana wa Kakuma ni "familia yangu", ni "wazito wangu". Akishavuka tu, mambo yanageuka, kwa sababu bei ya tangazo inapangwa kwa mnada kulingana na mtazamaji, na watangazaji hawagombanii sana mtazamaji wa Turkana. Ghafla chaneli inahamia Kiingereza, vichwa vya video vinabadilika, na maswali ya wale wa mwanzo hayajibiwi tena. Sisemi mtu asitafute soko kubwa. Nasema zile saa 4,000 zilikuwa za watu, tena zililipiwa na watu waliochajisha simu kibandani kwa shilingi kadhaa kila mara.

Najua jibu mnalonipa: "Kaka, ni bure, hakuna aliyelazimishwa, na sisi pia tunatafuta unga." Unga nautafuta hata mimi. Lakini mwangalie mwenye duka la filamu mjini Lodwar. Unampa memori kadi na pesa yako, anakujazia filamu, unaondoka nayo. Hakufungii filamu halafu akakutuma ukasikilize hadithi zake ili upate ufunguo. Duka lenye bei ukutani lina uungwana kuliko hiyo "bure" yenu. Na kwa upande wa Kakuma, kambi iliyoanza mwaka 1992, kumbukeni mnazungumza na nani: 2025 WFP ilipunguza mgao wa chakula hapo hadi chini ya theluthi ya kiwango kamili. Shilingi 20 ya mtu wa namna hiyo usiichezee.

Lakini yote hayo ni madogo. Kubwa ni Aviator.

Miaka hii ya karibuni chaneli kadhaa za gemu zimeanza kuchanganya. Leo Free Fire, kesho eFootball, keshokutwa kandege kanapaa na namba zinapanda, na jamaa anapiga kelele ameshinda. Halafu inakuja programu ya "kutabiri" Aviator, unatumiwa faili la APK, unalipia msimbo wa kuifungua. Kijana mmoja wa hapa Lodwar aliniletea simu yake ikiwa na hiyo programu, akaniuliza kwa nini haitabiri vizuri. Niliifungua kwa jadx (chombo cha kurudisha APK kuwa msimbo unaosomeka). Nilikuta nini? Mstari unaosogea ukisema "inaunganishwa na seva" huku haiunganishwi popote, ni saa tu ya kuhesabu sekunde. Kisha darasa la kawaida la Java la kutoa namba za kubahatisha, Random, likizalisha namba kati ya 1 na kitu kama 5. Basi. Huo ndio "utabiri". Na juu yake, programu inaomba ruhusa ya kusoma SMS! Ya nini? Kwenye simu ya Mkenya SMS ndimo zinamokaa jumbe za M-Pesa na namba za siri za kuingilia akaunti.

Nieleze kidogo kwa nini haiwezekani, ili asije mtu akaniambia "labda ile nyingine inafanya kazi". Aviator ya Spribe haitoi matokeo kwa kubuniwa hewani. Kabla ya raundi, seva inatengeneza mbegu yake na kuonyesha alama ya vidole ya mbegu hiyo (heshi), ili baadaye isiweze kuibadilisha. Kisha zinaongezwa mbegu za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau, zote zinasagwa pamoja kwa SHA-512, na hapo ndipo namba inatoka. Kabla ya hao watatu kuingia, matokeo hayajakuwepo mahali popote, hata ndani ya seva. Sasa hiyo programu ya MB 6 iliyoko kwenye simu yako inatabiri kitu gani? Na tuelewane: kwamba matokeo hayachezewi hakumaanishi utashinda. Nyumba imejiwekea sehemu yake ndani ya hesabu.

Mikataba mingi ya namna hii humlipa mtangazaji sehemu ya pesa anazopoteza yule aliyejisajili kwa msimbo wake. Rudia kusoma hapo. Shabiki wako akipoteza, wewe unapata.

Wala hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2016 iligundulika kwamba Trevor Martin na Thomas Cassell, watu wenye mamilioni ya wafuasi kwenye YouTube, walikuwa wakijirekodi wakishinda kwenye CSGO Lotto, tovuti ya kuchezea kamari vifaa vya gemu ya Counter-Strike, bila kuwaambia watazamaji kwamba tovuti ni yao wenyewe. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimalizana nao 2017 kwa makubaliano kwamba lazima wataje maslahi yao wazi. Faini hawakulipa hata dola moja, jambo ambalo bado linaniudhi. Huku kwetu, Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari (BCLB) ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwezi uliofuata ikatoa mwongozo unaowakataza watu mashuhuri na waunda maudhui kuipigia debe. Nitaamini siku nitakapoona APK hizo zimeacha kusambaa WhatsApp.

Msidhani nasema haiwezekani kuwa na mashabiki kwa heshima. Lual Mayen, Msudani Kusini aliyezaliwa familia yake ikikimbia vita, alikulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka akafikisha dola 300 za kompyuta. Alijifunza kuunda gemu akiwa hapo hapo, akatengeneza Salaam, mchezaji akiwa mkimbizi anayekimbia, na Desemba 2018 alitunukiwa kwenye The Game Awards. Ninachokipenda kwake ni kwamba wachezaji wake wa kwanza walikuwa watu wa kambini, waliorushiana gemu kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu. Alitengeneza kitu kinachoingia kwenye simu waliyonayo na kusafiri bila bando. Mtu wa hivyo huhitaji kumbembeleza akuheshimu, ameshajua unaishi vipi.

Kwa hiyo ninachowataka si kikubwa. Andikeni nenosiri chini ya video, au bora zaidi msifunge faili kabisa. Semeni ukubwa wa faili mwanzoni kabla mtu hajagusa kiungo. Ligaweni vipande vya MB 200 ili bando la saa moja litoshe kipande kwa kipande. Mkilipwa kusema kitu, semeni mmelipwa, kwa Kiswahili, kwa sauti, si kwa alama moja ya Kiingereza kwenye kona. Haya yote ni kazi ya nusu saa, nimeyafanya mwenyewe kwa faili za wenzangu na sijafa njaa.

Na nyinyi wasomaji wa Lodwar, Kakuma na Kalobeyei: mmoja wenu akishapakua faili safi, arushieni wenzake kwa Bluetooth au Xender, msinunue bando kumi kwa kitu kimoja. Mwenye APK ya "kutabiri" chochote, Aviator, almasi za Free Fire, sarafu za eFootball, aniletee kabla ya kuiweka kwenye simu yenye laini ya M-Pesa. Nitaifungua, nitabandika hapa msimbo wake mstari kwa mstari, pamoja na jina la chaneli iliyoitangaza.