Si Kila Gari Kuukuu ni Mkweche

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Hapana mahali ambapo methali hii hutimia zaidi ya barabarani. Gari likishapita umri fulani, lugha yetu hulivua heshima mara moja: huitwa kuukuu, huitwa bovu, huitwa mkweche. Lakini mlango wa Mji wa Kale uliochongwa na fundi wa zamani hautukanwi kwa sababu ya umri wake. Huo huitwa turathi, na wageni husimama kuupiga picha. Kwa nini umri uutukuze mlango na kulidhalilisha gari?

Wanaotulazimisha kujiuliza swali hili ni vijana wetu. Miongoni mwa wanafunzi wa leo wamo wenye mapenzi makubwa ya magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na 1970: Ford Mustang, Dodge Charger, Pontiac GTO, yenye injini za silinda 8 na ngurumo kama ya simba. Huyajua kwa majina na kwa miaka, ilhali aghalabu hawajapata kuliona hata moja kwa macho. Wazee huwacheka. Mimi siwacheki, kwani anayekipenda chombo kilichoundwa kabla hajazaliwa ameanza kuonja utamu wa historia. Ninalosikitikia ni kwamba historia anayoionja ni ya Detroit, na ile ya kwao imo jirani, haijabishiwa hodi.

Kuyaleta magari hayo Kenya si jambo jepesi. Kanuni za viwango, KS 1515, hukataa gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hukataa usukani wa kushoto isipokuwa kwa magari ya kazi maalumu. Mustang ya 1965 kutoka Marekani hukwama kwa yote mawili. Basi, na tutazame nyumbani.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Mwaka 1964 Wamarekani walileta kikosi cha magari ya Mercury Comet. Barabara za Afrika Mashariki hazikuwastahi. Ushindi ulimwendea Peter Hughes katika Ford Cortina, gari dogo la Kiingereza. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant wakashinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Naam, kuukuu! Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya Safari ya magari ya zamani, ambayo mara kadhaa yameanzia au kumalizikia hapa Mombasa. Mwaka 2009 mshindi alikuwa Mkenya, Ian Duncan, akiendesha Ford Mustang. Gari la Kimarekani lilipata hatimaye ushindi katika vumbi letu, mikononi mwa mwenyeji aliyeijua njia.

Nami kama mwanaisimu nina sababu nyingine ya kuyatetea magari haya. Neno gari lilitufikia kutoka Bara Hindi, na mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa na maana pana kisiwani Mombasa, ambako vigari vya abiria vilisukumwa na watu juu ya reli nyembamba hadi Kilindini. Motokaa ilipokuja, Waswahili hawakuishiwa maneno. Usukani uliokuwa wa jahazi wakautia mkononi mwa dereva, kama vile rubani wa meli alivyokuja kupanda ndege. Mafundi nao wakaongeza yao: kabureta, plagi, klachi, hendeli. Peugeot zilizosafirisha wazazi wetu baina ya miji zikawa Pijo. Leo magari mapya hayana kabureta, na fundi aliyeweza kutambua maradhi ya injini kwa kuisikiliza tu anazeeka. Akiondoka, ataondoka na kamusi ambayo haijaandikwa.

Sheria haitatuokoa. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 huulinda mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Kitu cha kale, kwa maana ya sheria hiyo, ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Gari la Safari ya kwanza halifikii umri huo. Litangoja nyuma ya gereji hadi likatwe vipande na kuuzwa kama chuma chakavu.

Najua watakaouliza: shule hazina madawati ya kutosha, nasi tunazungumzia mabati yenye kutu? Swali ni la haki, na jibu langu si kuomba fedha. Sidai serikali inunue gari hata moja. Nadai kalamu na daftari. Mwalimu wa Kiswahili awatume wanafunzi wake kwa mafundi wakongwe, wakusanye majina ya vipuri, ya maradhi ya injini na ya tiba zake, kila neno na maelezo ya mwenyewe. Mwalimu wa historia awaulize wazee ni gari gani lililowaleta Mombasa, na safari ilikuwaje. Kazi hizo zikihifadhiwa katika maktaba za shule, tutakuwa tumeokoa kile ambacho hakiwezi kuagizwa kutoka ng'ambo kwa bei yoyote.

Kijana anayeiota Mustang aachwe aote. Ndoto haina ushuru wa forodha. Ila kabla hajakariri nguvu za injini ya Detroit, na amuulize fundi wa mtaani kwao jinsi Pijo ilivyopandishwa mlima ikiwa imejaa abiria na klachi imekwisha. Hapo ndipo atakapojua tofauti ya mkweche na turathi.