Shahada ya Utawala na Deni la Milima ya Upare

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana katika ofisi za Serikali siku hizi, Bara na Visiwani, ni masomo ya shahada ya uzamili katika sera na utawala wa umma. Afisa mipango, mwalimu mkuu, mhasibu, hata mtendaji wa kata, wote wanatafuta nafasi hiyo. Jambo hili ni la heri, wala hatukusudii kulibeza. Lakini jambo la heri nalo huulizwa maswali, hasa linapogharimiwa na fedha ya umma au na saa za kazi za umma. Swali letu leo ni moja tu: mtumishi anapopata shahada hiyo, mwananchi naye anapata nini?

Tumechagua kulitazama swali hili kutoka Wilaya ya Same, katika Mkoa wa Kilimanjaro. Msomaji wa Unguja au Pemba asishangae kupandishwa milimani. Ziko sehemu chache katika nchi yetu ambako kazi ya Serikali huonekana yote kwa mtazamo mmoja kama ilivyo katika Milima ya Upare. Juu kabisa upo msitu wa Shengena, karibu mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Chini yake yapo mashamba ya tangawizi ya Mamba Miamba. Ukiteremka unakuta mpunga wa umwagiliaji wa Ndungu, kisha tambarare kavu na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, na upande wa pili wa milima uko mji wa Same wenye kiu. Msitu una sheria yake, maji yana sheria yake, kilimo na wanyama wa pori vivyo hivyo. Na kila sheria ina wizara yake. Lakini sheria zote hizo humkuta mkulima mmoja, katika shamba moja. Mahali kama hapo ndipo elimu ya utawala inapopimwa.

Historia ya milima hiyo inatupa somo la kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 utawala wa Kiingereza ulitunga kodi mpya kwa ajili ya Upare, kodi iliyopanda kwa kadiri ya mali ya mtu. Watu wakaiita mbiru. Ukiisoma karatasini, kodi ile ilikuwa na chembe ya haki: mwenye nacho alipe zaidi ya asiye nacho. Hata leo wako wataalamu ambao wangeisifu. Lakini makadirio yalifanywa chini ya machifu, na mlipaji hakukijua kipimo kilichotumika wala hakuulizwa kabla. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao ya wilaya. Hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa ile ya zamani, ya kiwango kimoja kwa wote. Walichokikataa ni kukadiriwa gizani. Wanawake nao waliingia katika mgogoro huo, wakaandamana. Mwishowe serikali ya kikoloni ikalazimika kuiondoa kodi hiyo.

Tunalieleza jambo hili kwa sababu ndani yake limo karibu kila jambo analofundishwa mwanafunzi wa sera za umma: kwamba wazo zuri huharibiwa na utekelezaji mbaya; kwamba mwananchi hupima haki ya Serikali kwa njia inayotumika, si kwa shabaha iliyotangazwa; na kwamba mtawala asiyeuliza kabla atajibiwa baadaye. Wala si wageni waliotufundisha kuusoma mgogoro huo. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alikwenda Marekani katika Chuo Kikuu cha Northwestern, na utafiti wake wa shahada ya uzamivu ukawa juu ya historia ya Wapare wenyewe. Mwaka 1969 kitabu chake juu ya historia ya kisiasa ya Upare kilitoka, na mwaka 1971 kikafuata kijitabu chake juu ya mbiru. Msomi huyo alivuka bahari, lakini swali lake alilitoa nyumbani, na jibu akalirudisha nyumbani.

Je, vyuo vyetu vya utawala navyo vilianzaje? Shule ya Serikali za Mitaa ilifunguliwa Mzumbe, Morogoro, mwaka 1953, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha machifu na watumishi wao wa utawala wa wenyeji. Mwaka 1972 shule hiyo iliunganishwa na taasisi ya utawala wa umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Na mwaka 2001 sheria ikakifanya kuwa Chuo Kikuu cha Mzumbe. Kwa hiyo chuo kilichoanza kwa kumfundisha chifu kukusanya kodi leo kinatoa shahada za uzamili kwa watumishi wa Serikali huru. Ni mwendo mrefu, na ni wa kujivunia.

Lakini mwaka uleule wa 1972 una somo jingine. Ndio mwaka ambapo, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya za Tanzania Bara zilivunjwa, na kazi zake zikapewa watumishi wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Ushauri wa kitaalamu ulitolewa na kampuni ya McKinsey kutoka Marekani. Shabaha ilikuwa kuyasogeza madaraka karibu na wananchi. Lakini watumishi ndio waliosogea, na diwani aliyechaguliwa akaondoka. Ilibidi zipite sheria za mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Hatusemi kwamba wataalamu wale hawakusoma. Walisoma sana. Tunasema kwamba elimu ya kupanga, ikitengana na sauti ya anayepangiwa, inaweza kuvunja kwa siku moja kitu ambacho kukijenga upya huchukua miaka kumi na miwili.

Tuje sasa kwenye maji. Wazee wa Upare walikuwa na utaratibu wao wa maji, ambao athari zake zingalipo mpaka leo. Walijenga mabwawa madogo yaitwayo ndiva kwenye miteremko, maji yakijazwa usiku na kufunguliwa mchana, kila mwenye shamba akiwa na zamu yake. Matengenezo yalifanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo asiyekwenda bila sababu hutozwa faini. Huo ni utawala wa umma uliokamilika: una kanuni, una zamu, una adhabu na una msimamizi anayejulikana kwa jina.

Katika zama zetu Serikali imejenga mradi mkubwa wa kuyatoa maji Bwawa la Nyumba ya Mungu na kuyapeleka Same, Mwanga na Korogwe. Kazi ilianza katika miaka ya 2010, ikakwama, mkandarasi akabadilishwa, na hatimaye mradi ukazinduliwa Machi 2025. Wananchi wa Same walingoja zaidi ya miaka kumi. Tunawapongeza waliofikisha kazi hiyo mwisho. Hata hivyo, ucheleweshaji wa namna hiyo haukusababishwa na uhaba wa mabomba peke yake. Mikataba, usimamizi wa mkandarasi, mapatano na wafadhili, malipo kwa wakati, yote hayo ni masomo ya darasa la uzamili. Na sasa, maji yakiwa yamefika, yako maswali mapya: nani atatengeneza bomba litakapopasuka, mlipaji maskini atafikiriwaje, na ndiva za mlimani zitaendelea kuheshimiwa au zitaachwa zijae matope? Afisa aliyesoma sera anapaswa kuwa na jibu, au angalau kujua amwulize nani.

Wako watakaosema kwamba viongozi wa zamani walifanya kazi kubwa bila uzamili wowote. Watamtaja Ndugu Cleopa Msuya wa Usangi, aliyefariki Mei 2025. Yeye alimaliza Makerere mwaka 1955 na shahada ya kwanza, akaanza kazi kama afisa wa maendeleo vijijini, kisha akapanda ngazi mpaka ukatibu mkuu, uwaziri wa fedha, na uwaziri mkuu mara mbili. Hoja hiyo ina ukweli, lakini isitumiwe vibaya. Fundisho lake si kwamba shahada haina maana. Fundisho ni kwamba aliijua kwanza njia ya kijijini kabla hajaijua meza ya Hazina. Kazi za leo, zenye sheria za ununuzi, mikataba mirefu na bajeti zinazokaguliwa, zinahitaji elimu ya juu zaidi ya ile. Tunachokitaka ni elimu hiyo ipande juu ya ujuzi wa kijijini, wala isije badala yake.

Hali halisi ikoje? Mtumishi wa Same anayetaka kusoma bila kuacha kazi hutazama kituo cha Chuo Kikuu Huria mjini Moshi, au huomba ruhusa ya mwajiri aende Mzumbe au Dar es Salaam. Aghalabu hujilipia, wengine hukopa benki na kukatwa mshahara. Tunaijua taabu hiyo na tunaiheshimu. Lakini mtu akijilipia mwenyewe, ni rahisi kuiona shahada kuwa mali yake binafsi, tikiti ya kupandia cheo au kuhamia mjini. Tasnifu yake huandikwa kwa Kiingereza, hufungwa jalada gumu, na huwekwa rafu ya chuo. Diwani wa kata iliyotafitiwa hajui kwamba ilitafitiwa. Mkulima aliyejibu maswali ya mtafiti kwa saa mbili haoni tena sura yake. Hiyo nayo ni namna ya mbiru: mwananchi anatozwa muda wake na siri zake, bila kujua zimekwenda wapi.

Hatudai mtumishi anyimwe haki ya kupanda cheo. Anayejiendeleza astahili malipo yake. Lakini haki hiyo ikae pamoja na wajibu, na wajibu huo hauhitaji fedha nyingi. Kwanza, kila halmashauri iweke orodha ya maswali yake yanayotafuta jibu, na mtumishi anayepewa ruhusa ya kusoma achague mojawapo kwa utafiti wake. Pili, kabla hajatambuliwa kwa cheo kipya, atoe muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili safi na kuusoma mbele ya Baraza la Madiwani, aulizwe na ajibu. Tatu, mwajiri ahakikishe kwamba aliyesomea sera za maji harudishwi kuhesabu samani za ofisi. Mwalimu wa chuo huangalia kama mwanafunzi amefuata kanuni za utafiti. Baraza litaangalia kama amesema kweli juu ya kata yao. Mitihani yote miwili ni ya lazima.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani, mambo haya si ya mbali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 maji yalitolewa kwa wananchi wa Zanzibar bila malipo, na kwa miaka mingi watu wakayazoea hivyo. Sheria ya mwaka 2006 ikaunda Mamlaka ya Maji, ZAWA, na suala la kuchangia gharama likaingia. Hakuna asiyejua kwamba pampu inahitaji umeme na fundi. Lakini ada, kama kodi ya Upare, hukubalika pale tu mlipaji anapokijua kipimo na anapoyaona maji bombani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Zanzibar ya mwaka 2014 nayo inadai watumishi wenye uwezo wa kupanga pamoja na masheha na madiwani, wala si kuwapangia. Afisa wa Pemba akisoma habari za ndiva na msaragambo atapata mengi ya kumfaa. Na afisa wa Same akivuka bahari kujifunza jinsi kisiwa kinavyoyatunza maji yake ya ardhini, hatarudi mikono mitupu.

Wahenga walisema elimu ni bahari, nao watu wa visiwa wanalijua neno hilo kuliko wengine. Lakini wanajua pia kwamba jahazi halisifiwi kwa kwenda mbali; husifiwa kwa kurudi na shehena. Mwaka huu wako watumishi watakaovaa majoho mbele ya jamaa zao, nasi tunawatakia heri. Halmashauri na wizara zinazowapokea zisiridhike kunakili vyeti vyao na kuvitia kwenye majalada. Ziwaulize mmeleta nini, kisha ziwape kazi ya kukitumia.