Binti anataka nywele za mawimbi: vitambaa vya khanga kuukuu vinatosha

Pakiti ilikuwa juu ya mkeka, imekwisha kufunguliwa. Binti wa miaka 17 alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, taulo mabegani, akimsubiri mama yake amalize kukuna nazi.

"Mama, nitie kalikiti. Harusi ya mjomba ni Jumamosi ya wiki ijayo."

Nyumba hiyo iko Mwera, kusini mwa Mto Pangani. Kutoka hapo, kwenda saluni ya mjini ni safari ya bodaboda mpaka Bweni, kisha kuvuka kwa pantoni hadi Pangani. Nauli ya kwenda na kurudi ni mboga ya siku nzima, na bado saluni haijalipwa. Ndiyo maana nywele za nyumba hiyo, kama za nyumba nyingi za huko, hutengenezwa uani.

Mama alinawa mikono akaichukua pakiti. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo kama punje za ulezi. Akamgeukia bibi, aliyekuwa barazani akichagua mchele.

"Mama, hii si ndiyo mliyokuwa mkitia zamani?"

Bibi hakuiangalia pakiti. Aliangalia kichwa cha mjukuu wake. "Nywele hizi si alizitia dawa kwa shangazi yake Tanga, mwezi wa nne?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kalikiti haiendi hapo. Zitabaki mkononi mwa mama yako."

Binti alinyanyuka, taulo likaanguka chini. Tangu amalize mtihani wa kidato cha nne mwezi wa kumi na moja, hajazikata. Zimefika urefu wa kidole. Mwezi wa saba anaripoti kidato cha tano, na shule inataka nywele fupi. Mama alipomkumbusha hilo, kwamba ni nywele za mwezi mmoja tu, binti alijibu akiwa ameshaingia ndani: "Ndiyo maana nazitaka sasa."

Mama akakosa la kusema. Ni kweli. Kwa msichana aliyenyolewa miaka yote ya shule, hiyo miezi michache kati ya kidato cha nne na cha tano ndiyo mara yake ya kwanza kujitazama kwenye kioo na kuamua mwenyewe anataka kuonekanaje. Kumwambia "hapana" ni rahisi. Kumtafutia njia isiyomdhuru ndiyo kazi.

Kwa nini bibi alikuwa sahihi

Kalikiti bibi anaijua. Jina lenyewe limetokana na Curly Kit, pakiti ya kukunjia nywele nyumbani iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Pro-Line ya Marekani, ya mfanyabiashara Comer Cottrell, karibu na mwaka 1980. Mtindo ulienea hadi Afrika Mashariki, na wanaoikumbuka miaka hiyo wanakumbuka pia foronya zilizolowa mafuta na kola za mashati zilizobadilika rangi. Siku hizo bibi alikuwa msichana. Alimwona mwenzake aliyetia kalikiti juu ya nywele za dawa, na zilivyotoka na chanuo mafungu mafungu.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na protini hiyo imeshikwa na viungo vya namna mbili. Viungo vya kwanza ni dhaifu: maji huvifungua, na unywele ukikauka vinajifunga tena. Viungo vya pili ni vya salfa, na ndivyo vinavyoupa unywele nguvu na umbo lake la kuzaliwa. Hivyo havifunguliwi na maji. Vinataka dawa.

Dawa ya kunyoosha, ile yenye magadi makali, hubadilisha viungo hivyo vya salfa moja kwa moja. Havirudi tena. Dawa ya kalikiti nayo hufanya kazi kwa kuvivunja viungo hivyohivyo, kisha dawa ya pili huvifunga upya nywele zikiwa zimezungushwa kwenye vijiti. Nywele iliyokwisha kunyooshwa ina viungo vichache vilivyobaki. Ikitiwa kalikiti, vichache hivyo navyo vinavunjwa, na hakuna kinachobaki cha kuushika unywele. Unakatika.

Kwa hiyo kanuni ya bibi ishikwe na kila mzazi: nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha zisitiwe kalikiti, hata kama miezi imepita. Sehemu iliyokwisha kunyooshwa haiponi. Kinachokuja kipya ni kile kinachoota kutoka kwenye ngozi, kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwezi.

Lakini vile viungo dhaifu vya maji bado vipo, hata kwenye nywele za dawa. Navyo vinatosha kukunja nywele kwa siku tatu au nne bila dawa yoyote.

Namna ya kukunja kwa vitambaa

Jioni ileile bibi alitoa khanga iliyochakaa, akaichana. Vinavyohitajika ni hivyo vitambaa, chanuo lenye meno mapana, fulana ya pamba, mafuta kidogo ya nazi na usiku mmoja.

1. Vitambaa vichanwe upana wa vidole viwili, urefu wa shibiri moja. Kichwa kimoja huhitaji 25 hadi 40. Fundo likiwa na nywele chache, mawimbi hutoka madogo na hudumu zaidi.

2. Nywele zioshwe kwa shampuu, zitiwe kondishina na kusuuzwa vizuri. Mafuta ya zamani yakibaki, nywele hazishiki umbo.

3. Zikamuliwe kwa fulana ya pamba bila kusuguliwa. Zibaki mbichi, zisiwe za kudondosha maji. Zikilowa sana hazitakauka mpaka asubuhi, na zikikauka kabisa hazitakunjika.

4. Zichanuliwe kuanzia nchani kwenda juu. Nywele za dawa zikiwa na maji hukatika upesi, kwa hiyo chanuo lisilazimishwe.

5. Mafuta ya nazi yasizidi kijiko cha chai kwa kichwa kizima, yasambazwe kwa viganja. Yanafaa kwa sababu hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini, lakini yakizidi, mawimbi hulegea.

6. Kichwa kigawanywe mafungu manne. Kutoka kila fungu zichukuliwe nywele chache, ncha ziwekwe katikati ya kitambaa, zizungushwe kuelekea kichwani, kisha kitambaa kifungwe fundo. Ncha zisiachwe nje, maana zitabaki zimesimama kama miiba.

7. Fundo lisivute ngozi. Mtoto akisema kunauma, au vipele vikitokea kwenye paji, lifunguliwe hapohapo. Nywele zinazovutwa mara kwa mara pembezoni hung'oka, na baadaye huacha upara usiorudi.

Kwa nywele ambazo hazijatiwa dawa, zile za kipilipili, kazi ni nyepesi zaidi. Zikipindwa mbili mbili zikiwa mbichi au zikaviringwa vifundo vifundo, zikikauka na kufunguliwa hutoa mawimbi yake zenyewe.

Mara ya kwanza zililegea

Mama hakungoja siku ya harusi ndipo ajaribu, na hapo alifanya la busara. Alifunga Jumamosi moja kabla. Alfajiri binti hakuweza kusubiri: alivifungua vyote akiwa bado kitandani, akachana kwa chanuo, akavaa kwenda mjini na baba yake. Walipofika kwenye pantoni, mawimbi yalikuwa yamekwisha. Upepo wa mtoni ulizikuta nywele zimelala kama zilivyokuwa juzi. Binti alirudi na mtandio kichwani, hataki kuzungumza na mtu.

Makosa yalikuwa mawili. Kwanza, nywele za ndani zilikuwa bado zina unyevu. Kiungo cha maji hujifunga nywele inapokauka kabisa, si kabla. Pwani, ambako hewa yenyewe ina maji, nywele huchelewa kukauka kuliko Lushoto au Arusha. Dawa yake ni kufunga mapema, saa tisa au saa kumi jioni badala ya saa nne usiku, na asubuhi kufungua kitambaa kimoja tu cha kisogoni, ambako hukauka mwisho. Kikitoka na ubaridi, vingine viachwe.

Pili, chanuo. Mawimbi hayachanwi. Vidole vipakwe mafuta kidogo, kila kitambaa kifunguliwe kwa kuzungusha kinyume cha kilivyozungushwa, kisha kila fungu ligawanywe kwa vidole mara mbili au tatu, basi.

Usiku nywele zifungwe kwa kitambaa laini cha satini. Khanga ya pamba hunywa mafuta na kuzisugua. Asubuhi zisirudishiwe maji. Zikilowa kwa mvua au kwa kuogelea, viungo hufunguka tena na kazi inaanza upya.

Pale ambapo nyumbani huwa hatari

Wasichana wasiosaidiwa hujisaidia wenyewe. Wako wanaopasha chuma kwenye jiko la mkaa na kuzungushia nywele. Chuma cha namna hiyo hakina kipimo: kinaweza kuunguza unywele, sikio na shingo kwa mguso mmoja. Hata kile cha umeme, kiwashwe kwa nywele kavu tu, kwa moto mdogo, na mtu mzima awepo.

Wengine wana rasta, na ncha zake huchovywa kwenye maji ya moto ili zikunjike. Hapo ndipo maji yanayotoka jikoni humwagikia mgongo, au mtoto mdogo hulivuta beseni. Kama ni lazima, achovye mtu mzima, msukwaji akiwa amekaa wima na taulo nene mgongoni, chombo kiwe juu ya kitu imara, watoto wawe mbali. Maji yasimwagwe kutoka juu hata siku moja.

Mtu akiungua, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Isipakwe dawa ya meno, wala unga, wala yai, wala mafuta. Dawa ya nywele ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi safi mfululizo kwa dakika hizohizo, kisha safari ya kituo cha afya isingoje kesho. Dawa ikianza kuchoma kichwani, ioshwe mara moja. Ile kauli ya "vumilia kidogo zinyooke" imewaachia wasichana wengi vidonda.

Liko na jambo la muda mrefu. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mji wa mimba kwa wingi kuliko wasiotumia: makadirio hadi kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05 dhidi ya 1.64. Utafiti huo haukuthibitisha kuwa dawa ndiyo iliyosababisha, na hatari yenyewe bado ni ndogo. Lakini kwa msichana anayeanza akiwa na miaka 17, au kwa mtoto wa darasa la pili anayetiwa dawa kwa ajili ya Idi, miaka ya kutumia inakuwa mingi. Mzazi ana sababu ya kuchelewesha.

Kazi hii imeunguza watu tangu zamani. Mjerumani Karl Nessler, aliyeonyesha mashine yake ya kukunja nywele jijini London, husimuliwa kwamba alijaribu kwanza kwa mkewe, na mara mbili za mwanzo nywele za mke ziliungua pamoja na ngozi ya kichwa. Aliyelipia majaribio alikuwa yule aliyekaa kwenye kiti.

Ijumaa kabla ya harusi

Saa tisa alasiri bibi, mama na binti walikaa uani, mmoja nyuma ya mwingine. Bibi alikuwa akizungusha, mama akifunga, binti akipokeza vitambaa. Ilichukua muda wa kutosha wali kuiva na kupoa. Katikati ya kazi binti alieleza jambo ambalo mama yake hakuwa amelijua: kwamba harusi iliyopita binamu zake wa Tanga walimcheka kwa nywele zake fupi, wakamwita kaka.

Mama hakuacha kufunga. "Ungeniambia, mwanangu."

"Ungesema nywele si kitu."

"Ningesema," mama alikiri.

Asubuhi ya harusi kitambaa cha kisogoni kilitoka kikavu. Mawimbi yalishika safari ya bodaboda, pantoni, ukumbi na ngoma, na yalipofika Jumatatu yalikuwa yamelegea kidogo tu. Pakiti ya kalikiti ilirudishwa dukani. Mwenye duka hakurudisha pesa, lakini alikubali kubadilisha kwa sabuni na sukari.

Vitambaa vilifuliwa, vikaanikwa kwenye kamba pamoja na nguo. Mwezi wa saba nywele zitakatwa kama shule inavyotaka. Kabla ya hapo binti ameomba afungwe mara mbili zaidi, na mama amekubali, kwa sharti kwamba mara ya mwisho wafungane: binti naye ajifunze kuzungusha, kwenye kichwa cha mama.