Fahali Wageni Katika Zizi Moja

Lori la ng'ombe linalotoka Shinyanga kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, hukata takriban kilomita 1,000. Ng'ombe aliyemo mara nyingi hali wala hanywi, na mabishano yetu huishia kwenye njaa hiyo: kilo ngapi zimepotea njiani, na nani azibebe. Toleo hili tumelielekeza kwenye hasara ambayo mizani haiioni. Kwa maoni yangu, ndiyo inayotuumiza zaidi.

Ng'ombe huistahimili njaa kuliko tunavyodhani. Tumbo lake la kwanza ni ghala: majani ya jana bado yanachachuka leo, na sehemu ya asidi zinazotokana na uchachukaji huo hugeuzwa sukari na ini. Ghala likipungua, mwili huyeyusha mafuta, kisha hugusa protini ya misuli. Atakonda, naam. Ila glaikojeni, ile akiba ya sukari iliyomo ndani ya misuli, hupungua polepole, na siku moja ya kufunga peke yake haiimalizi.

Sasa mchanganye na madume wa mazizi mengine. Katika kundi lililokua pamoja kila mmoja anajua wa kumpisha. Wageni hawajui, kwa hiyo usiku kucha wanatafuta mkubwa wao kwa pembe na kwa kupandana. Adrenalini inamwagika kwenye damu, na glaikojeni inateketea kwa saa chache. Kurudisha akiba hiyo huchukua siku kadhaa hata kwa mnyama anayelishwa vizuri, sembuse huyu asiye na kitu tumboni.

Bucha ndiyo inayopokea matokeo. Baada ya kuchinja, glaikojeni hugeuka asidi ya laktiki na kushusha pH ya nyama kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Isipokuwepo ya kutosha, pH hubaki juu, pengine kupita 6. Nyama huwa nyeusi, hunata mkononi na huharibika mapema. Mteja huikataa akidhani ni ya ng'ombe mzee au mgonjwa, wakati dume yule alikuwa kijana mwenye afya tele.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, nami naitetea. Lakini hata anayejali shilingi tu ana sababu ya kutosha hapa. Ng'ombe walionunuliwa pamoja wasafiri, washushwe na walale pamoja. Mfanyabiashara anayeokota dume mmoja huku na mwingine kule, najua wapo wengi, amfunge kila mmoja kamba yake. Na madume wageni wakishachanganyika, heri wachinjwe mapema kuliko kulazwa zizini eti wapumzike; hawapumziki.

Halmashauri inayochora ramani ya machinjio mapya ichore na zizi la kusubiria lenye vyumba vidogo, kila chumba na birika lake la maji, kabla zege halijamwagwa.