Supuu Ana Miguu Mitatu, na Wewe Una Maneno Mengi

Kwanza tumalize ile ya "hizo pesa za kutibu mbwa si ungepatia yatima." Nimeambiwa hivyo tangu Aprili, na sijaona hata mmoja wa hao washauri akipeleka yatima hata pakiti ya unga. Mmoja alinirushia hilo swali hapa Kikopey, Jumapili, ameshika mbavu ya mbuzi na mafuta yanamteremka hadi kwenye saa. Bili ya meza yake ilikuwa inapita pesa zote tulizochanga kwa M-Pesa ili Supuu akatwe mguu.

Kikopey unaijua. Hata kama hujawahi kushuka, umepita ukaona moshi, kati ya Gilgil na Nakuru, na vijana wa mabucha wakikimbilia gari lako kana kwamba ni la shangazi yao. Unakula, unatupa mfupa chini ya meza, mbwa anaokota. Halafu unapanda gari ukienda ukisema Kikopey ni pazuri, ila mbwa ni wengi. Kwani ni nani anawalisha? Mji mzima unaishi kwa mifupa. Usiku, wageni wakishaenda, hao hao mbwa ndio wanaobweka mtu akikaribia mlango wa bucha. Tunawaita mbwa koko ili tusiulizwe ni wa nani.

Supuu alikuwa akishinda karibu na sufuria ya supu ya kichwa, ndiyo maana ya jina, ingawa vijana wanaapa ni kwa sababu ya urembo wake. Lori lilimgonga akivuka barabara. Mguu wa nyuma ulisagika. Tulimfunga kwa gunia, tukamlaza nyuma ya Probox ya rafiki, na daktari wa wanyama akasema mguu hauokoki, mbwa anaokoka. Upasuaji ulichukua asubuhi moja. Na hapa ndipo ninapotaka tugombane, kwa sababu kila mtu anapenda hii sehemu ya hadithi: ajali, Probox, daktari shujaa. Niliweka picha mtandaoni nikapata mioyo na emoji za kulia hadi simu ikapata moto. Siku ya pili daktari akapiga: kizimba chake kina mgonjwa mwingine, nani anakuja kumchukua huyu? Nikaandika tena. Kimya. Wote waliolia wanaishi kwa nyumba za kupanga, wana mizio, wanasafiri.

Basi nikamchukua mimi, mtu wa chumba kimoja anayeandikia watu makala kwa bei ya jioni. Mama alisimama mlangoni akaangalia lile bendeji. "Wewe shule ilikushinda mwaka wa tatu, sasa umeamua kusomesha mbwa?" Sikuwa na jibu. Karo ndiyo ilinitoa, na yeye anajua, na najua alichokuwa anahesabu kichwani. Hilo ndilo swali la pekee la pesa ninaloliheshimu, maana limetoka kwa mtu anayelipa gharama na mimi.

Ila nilichojifunza ni kwamba pesa ndiyo ilikuwa sehemu ndogo. Mbwa aliyekatwa mguu anahitaji mtu. Karibu wiki mbili nyuzi zisitolewe, na wakati wote huo asilambe kidonda, kwa sababu ulimi wake utazifungua na kuingiza uchafu. Ile faneli ya shingoni sikuwa nayo, nikakata mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5, nikazungushia kitambaa ukingoni. Asiruke. Asipande ngazi. Atolewe nje kukojoa akishikiliwa tumbo kwa shuka iliyokunjwa, saa kumi usiku, na baridi ya huku unaijua. Jirani, kwa roho safi kabisa, aliniletea Brufen. Usimpe mbwa Brufen. Inamtoboa tumbo na kuua figo. Dawa yake ya maumivu inatoka kwa daktari wake. Na mifupa iliyopikwa, ile ile iliyomlea, nikamnyima, kwa sababu huvunjika vipande vikali vya kuchana utumbo. Hebu fikiria kumnyima mbwa mfupa Kikopey. Alinitazama kama mwizi.

Siku ya tano alisimama bila shuka. Akaanguka. Akasimama.

Sasa kuna wale wanaosema mbwa wote wapewe sumu, na hawa siwacheki, kwa sababu nyuma yao kuna hofu ya kweli. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna hospitali itakayomrudisha. Duniani kinaua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kwa mwaka, wengi wao wa Asia na Afrika, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Lakini sumu imejaribiwa miaka na miaka, na mbwa wako pale pale. Unaua kumi, mifupa inabaki, kumi wengine wanahamia, na hao hujui wametoka wapi wala kama wamechanjwa. Kinachokata huo ugonjwa ni kuchanja mbwa 7 kati ya kila 10, mwaka baada ya mwaka. Kenya yenyewe iliandika hivyo kwenye mkakati wa 2014, na lengo ni kuumaliza kufikia 2030. Sumu inaua pia yule aliyekwisha kuchanjwa. Supuu sasa amechanjwa na amefungwa uzazi, kwa hiyo ukitupa mfupa wenye sumu pale bucha, umeua ngao yako.

Na kuna sheria, ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Itaje uone watu wanavyocheka.

Mwezi wa Julai alikuja mtu wa kumchukua moja kwa moja. Kijana msafi, ana ploti, ana geti. Alimzunguka Supuu mara mbili kama anayenunua gari la mtumba, akauliza kama hakuna German Shepherd. Nikamwambia hakuna. Akauliza kama huyu anaweza kukimbiza mwizi. Wakati huo Supuu alikuwa ameshamkojolea tairi, kwa miguu mitatu, bila kuegemea popote. Kijana akaondoka. Mama, aliyekuwa anaanua nguo, akasema hata yeye hakuwa amempenda huyo mtu, kisha akaingia ndani na bakuli la Supuu kuliosha.

Wiki jana mwingine amegongwa karibu na Kariandusi, wa kiume, mweusi, kifua cheupe. Nyonga imevunjika. Anatoka kwa daktari Alhamisi na atahitaji wiki sita za kutotembea ovyo. Mtungi wa lita 5 ninao. Chumba ndicho sina.