HAKI YA MTOTO SI HISANI YA MBUNGE



Kila mzazi maskini wa nchi hii anazijua ada zisizo na jina katika sheria: pesa za mtihani, pesa za dawati, pesa za mlinzi, pesa za mwalimu wa bodi. Asiyelipa, mtoto wake hurudishwa nyumbani. Hayo yanatendeka chini ya Katiba ya 2010 ambayo, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo.

Hatumlaumu mwalimu mkuu. Serikali imemtengea shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Zigawanyeni kwa siku za mwaka, mtaona hazifiki shilingi nne kwa siku. Anunue chaki, alipie maji, akarabati paa, na fedha zenyewe humfikia kwa kuchelewa. Afanyeje asimnyoshee mzazi mkono?

Wala hatumlaumu mwalimu wa darasani. Walimu tarajali wa sekondari msingi waliajiriwa kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakabebeshwa kazi ileile ya mwalimu kamili. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba haki zao zilikiukwa.

Huu ni mchezo wa zamani. Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa ya kwanza hadi la nne, kisha ikarejea kwa jina la ada ya ujenzi. Mwaka 1988 tukaambiwa tuchangie gharama. Kura zetu za 2002 zilileta elimu ya msingi bila malipo Januari 2003, madarasa yakafurika, lakini walimu na majengo havikuongezwa kwa kadiri hiyo. Sasa, Julai 2025, Waziri wa Fedha aliwaeleza wabunge kuwa Serikali haiwezi kumudu shilingi 22,244 ilizoahidi kila mwanafunzi wa sekondari.

Ikiwa hazina ni tupu, mbona basari hazikosekani? Mbunge huitisha mkutano, akainua hundi mbele ya kamera, na mzazi akapiga makofi kwa kurudishiwa sehemu ya kodi yake mwenyewe. Shule ikipata fedha zake kamili na kwa wakati, mzazi hatakuwa na sababu ya kumpigia mtu magoti. Ndiyo maana wakubwa hawana haraka. Umaskini wa shule zetu ni mtaji wao wa siasa.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, shabaha haikuwa kuongeza rangi za bendera. Shabaha ilikuwa kuwafanya watawala watujibu sisi. Kwa hiyo tunadai: mgao wa kila shule ufike kabla muhula haujafunguliwa, fedha za basari zipelekwe moja kwa moja shuleni kupunguza karo kwa wote, walimu waajiriwe kwa masharti ya kudumu, na kila shilingi iliyopokewa ibandikwe ukutani ambapo mzazi ataisoma.

Mgombea atakayekuja kwenu na hundi, muulizeni kwanza alivyopiga kura juu ya bajeti ya elimu. Asipojibu, mnyimeni kura.